Mawe ya Tikal Yasomwa Tena

Wako watu wanaofikiri kwamba penye msitu mkubwa hapana historia. Husema: pale ni miti na nyama wa mwitu tu, binadamu hakufanya neno la kukumbukwa. Sisi tunaokaa karibu na msitu tumelisikia neno hilo mara nyingi. Basi leo tuvuke bahari ya Atlantika, tukatazame msitu wa watu wengine, ambao nao ulisemwa hivyo hivyo. Uko kaskazini ya nchi ya Guatemala, katika Amerika ya Kati, katika jimbo liitwalo Petén. Ndani yake umo mji wa mawe, jina lake Tikal, uliojengwa na watu waitwao Wamaya.

Huenda umekwisha kusikia habari zao. Vitabu vingi vimewaita taifa lililotoweka, kana kwamba siku moja waliamka, wakaacha nyumba zao, wakapotea wasijulikane walikokwenda. Habari hiyo inapendeza kusikilizwa, lakini si ya kweli. Tuifuate njia ya msafiri hatua kwa hatua, nasi tutaona kilichopotea ni nini na kilichobaki ni nini.

NJIA YA KUFIKA

Mgeni anayetoka mji mkuu wa nchi huenda kwa ndege muda wa saa moja hivi, au kwa basi usiku kucha, mpaka Flores. Huo ni mji mdogo uliojengwa juu ya kisiwa, ndani ya ziwa la Petén Itzá. Asiupite kwa haraka, maana kisiwa hicho ndicho kilichokuwa Nojpetén, makao ya ufalme wa mwisho wa Wamaya. Wahispania waliingia Guatemala kwa vita mwaka 1524; Nojpetén hawakuiteka ila tarehe 13 Machi 1697. Kwa muda wa miaka 173 watu wa ziwa hilo walikaa chini ya wafalme wao wenyewe.

Kutoka Flores mpaka Tikal ni kilometa 65 hivi kwa gari. Wenye busara huondoka kabla ya mapambazuko, kwa kuwa joto la Petén ni zito na jasho halikauki mwilini. Tangu mwaka 1955 mahali hapo ni hifadhi ya taifa, yenye kilometa za mraba 576, na mwaka 1979 pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, kwa ajili ya majengo yake na kwa ajili ya msitu wenyewe.

Baada ya lango, mgeni hushika njia ya miguu chini ya miti. Mtu wa Kongo akipita hapo hatajiona mgeni kabisa, kwa maana atakutana na mti anaoufahamu: msufi, ule mti mrefu wenye shina pana na miiba, unaozaa pamba ya kujazia mito. Kwa Wamaya wa kale msufi ulikuwa mti mtakatifu: mizizi yake ilishuka kuzimu, shina lake lilisimama duniani, matawi yake yalishika mbingu. Leo ndio mti wa taifa la Guatemala. Juu ya matawi wako kima wanaonguruma kwa sauti kubwa hata asiyewajua hudhani kuna simba. Yuko pia ndege aitwaye tukani. Kwa ukubwa wa mdomo wake utasema ni ndugu wa hondohondo wetu, ingawa si wa ukoo mmoja.

UWANJA MKUBWA

Halafu, bila mgeni kutazamia, miti huachana, na mbele yake hutokea uwanja mpana wa majani mafupi. Upande wa mashariki limesimama Hekalu la Kwanza, lenye kimo cha meta 47 hivi, limepanda kwa ngazi kubwa tisa, moja juu ya nyingine. Upande wa magharibi, likilikabili, liko Hekalu la Pili. Kaskazini na kusini yako majumba, makaburi ya wafalme, na safu za mawe yaliyosimamishwa kama watu waliopanga mstari.

Hekalu la Kwanza haliruhusiwi kupandwa, ili jengo lisiharibike na watu wasianguke. Lakini mgeni akiendelea kwa miguu upande wa magharibi atafika kwenye Hekalu la Nne, lenye meta 65 hivi, nalo lina ngazi za mbao za kupandia. Huko juu hataona ukuta wala njia. Ataona msitu tu, kijani mpaka upeo wa macho, na juu ya majani vichwa vya mahekalu vikichomoza, kama milingoti ya merikebu juu ya maji.

Hapo inafaa mtu aketi kidogo na kufikiri. Watu waliojenga vile hawakuwa na chuma. Hawakuwa na ng'ombe wala punda wa kuvuta mizigo, wala hawakutumia gurudumu la kubebea. Jiwe walilichonga kwa jiwe jingine gumu zaidi. Chokaa waliipata kwa kuchoma mawe kwa kuni nyingi. Mizigo yote ilipanda kwa mabega na migongo ya watu. Juu ya milango ya mahekalu waliweka boriti za mti mmoja mgumu ambao utomvu wake baadaye ulitengenezewa chingamu. Baadhi ya boriti hizo zimedumu kwa zaidi ya miaka 1200.

Tena hapana mto karibu na Tikal. Makumi ya maelfu ya watu waliishi pale kwa maji ya mvua. Viwanja walivisakafia kwa chokaa na kuviinamisha kidogo, ili kila tone litiririke mpaka kwenye mabwawa waliyoyachimba, na maji hayo yawatoshe katika miezi ya kiangazi. Kwa hiyo uwanja ule mzuri haukuwa pambo la mfalme peke yake. Ulikuwa pia mfereji wa kunyweshea mji.

MAWE YENYE MANENO

Sasa tuyakaribie yale mawe yaliyosimama. Mbele yamechorwa mtu mwenye mavazi ya fahari. Ubavuni au nyuma kuna safu za alama ndogo: vichwa vya watu, mikono, wanyama, nukta na mistari. Si mapambo. Ni maandishi.

Nukta na mistari ni hesabu, hata mtoto wa shule ataielewa kwa dakika chache. Nukta moja ni 1, mstari mmoja ni 5. Kwa hiyo mistari miwili na nukta tatu ni 13. Alama kama kombe la pwani ni sifuri. Sisi tunahesabu kwa makumi, wao walihesabu kwa ishirini ishirini, kama mtu anayetumia vidole vya mikono na vya miguu pamoja. Kwa hesabu hiyo waliandika tarehe za mambo yao kwa uangalifu mkubwa. Jiwe moja la Tikal lina tarehe ya mwaka 292 wa kalenda yetu. La mwisho ni la mwaka 869. Kati yake ni miaka 577 ya historia iliyochongwa.

Mawe hayo yanasema nini? Moja linasimulia kwamba mwaka 378 alifika mgeni mwenye nguvu kutoka magharibi, jina lake Siyaj K'ahk', na kwamba siku ile ile mfalme wa Tikal alikufa. Maandishi mengine yanahusu ushindani mrefu wa Tikal na mji wa Calakmul, ulio kaskazini, katika Meksiko ya leo. Mwaka 562 Tikal ilishindwa vitani, na kwa muda wa miaka zaidi ya mia haikusimamisha jiwe lenye tarehe. Lakini mwaka 682 akatawazwa Jasaw Chan K'awiil, naye mwaka 695 akawashinda watu wa Calakmul. Kaburi lake liligunduliwa chini ya Hekalu la Kwanza mwaka 1962. Ndani yake palikuwa na mikufu ya mawe ya kijani yenye thamani, na vipande vya mifupa vilivyochorwa kwa ustadi wa ajabu. Kimojawapo kinaonyesha mtumbwi uliobeba mungu wa mahindi.

Tusiwafanye watu hao kuwa malaika. Wafalme wao waliteka mateka na kuwaua mbele ya miungu yao, na hayo pia yamechongwa mawazi katika mawe. Walakini huyo wa mahindi atatugusa sisi nyumbani. Mahindi yalilimwa kwanza katika nchi ya Meksiko, maelfu ya miaka iliyopita, kisha yakaenea mpaka kwa Wamaya, na baadaye sana yakavuka bahari mpaka kwetu. Wamaya husimulia kwamba binadamu wa kwanza waliumbwa kwa unga wa mahindi. Mama anayesonga bugali jioni ameshika mkononi kazi ya wakulima wa bara lile.

KWA NINI MJI ULIACHWA

Katika karne ya tisa mambo yaliharibika. Matope ya chini ya maziwa ya nchi zile yanaonyesha kwamba mvua zilipungua mara kwa mara kwa miaka mingi. Vita vilizidi, na misitu ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mashamba na chokaa. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika mabwawa yaliyo karibu na jumba la mfalme wamekuta zebaki, iliyotoka katika rangi nyekundu ya kupamba majengo na makaburi, pamoja na dalili za vijidudu vya majini vyenye sumu. Maji yenyewe yaliyoulisha mji yalikuwa yamechafuka.

Basi watu hawakuamka siku moja wakapotea. Walihama, jamaa kwa jamaa, wakaenda penye maji na penye amani: kando ya maziwa, na kaskazini katika nchi ya Yucatán. Mahekalu yalifunikwa na miti, lakini wenyeji hawakuyasahau. Mwaka 1848 Modesto Méndez, mtawala wa Petén, akiwa pamoja na Ambrosio Tut, aliandika taarifa ya kwanza ya serikali juu ya Tikal. Ndipo wageni walipoanza kuja. Mwaka 1877 mtu mmoja wa Uswisi, Gustav Bernoulli, aliagiza boriti nzuri zilizochongwa ziondolewe. Nazo mpaka leo ziko katika jumba la makumbusho la Basel. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1970 Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani kilifukua majengo makubwa. Na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba vipimo vya miale ya leza, iliyotupwa kutoka ndegeni, vimeonyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti, katika sehemu ya Petén yenye kilometa za mraba 2,100. Huo ndio msitu ulioambiwa hauna historia!

MAPADRI WAWILI

Msomaji atauliza: ikiwa mawe yamejaa maneno, mbona watu walikaa muda mrefu hivyo bila kuyasoma? Jibu lake ni la kusikitisha, nasi watu wa Kanisa hatuna budi kulisema bila kuficha.

Wamaya hawakuandika katika mawe tu. Walikuwa na vitabu, vilivyotengenezwa kwa magome ya miti na kukunjwa kama feni. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, Padri Diego de Landa, Mfransisko, aliviweka motoni vitabu vyote alivyoviona, kwa kuwa aliamini vimejaa ushirikina wa shetani. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuteswa ili waungame kwamba wanaabudu sanamu. Mwenyewe ameandika kwamba wenyeji waliona uchungu mwingi kwa ajili ya vitabu hivyo. Askofu Francisco de Toral alimlaumu kwa ukali wake, naye akarudishwa Hispania kujibu mashtaka. Baadaye alisamehewa na kufanywa askofu wa Yucatán, akafa mwaka 1579. Katika vitabu vya kale vya Wamaya, vinavyojulikana leo duniani kote ni vinne tu.

Lakini tazameni jinsi mambo yanavyogeuka. Huyo huyo Landa, yapata mwaka 1566, aliandika kitabu juu ya desturi za Yucatán, na ndani yake akataka kueleza herufi za Wamaya. Alimwomba mwenyeji mwenye elimu amwandikie a, b, c. Alipotaja herufi b kwa jina lake la Kihispania, yaani «be», mwenyeji aliandika alama ya sauti «be». Landa hakufahamu kwamba maandishi ya Wamaya hayaendi kwa herufi moja moja. Yanakwenda kwa silabi, kama vile watoto wetu wa darasa la kwanza wanavyoimba: ba, be, bi, bo, bu. Kitabu hicho kilisahauliwa mpaka padri mmoja Mfaransa, Brasseur de Bourbourg, alipokiona huko Madrid mwaka 1862.

Mwaka 1952 kijana wa Kirusi, Yuri Knorozov, ambaye hakuwa amekanyaga Guatemala, aliitumia orodha ya Landa kama ufunguo. Kwa mfano, bata mzinga katika lugha ya Wamaya huitwa kutz, na juu ya picha yake kuna alama mbili: ku na tzu. Mbwa huitwa tzul, na juu yake kuna tzu na lu. Alama inayomaliza neno la kwanza ndiyo inayoanza neno la pili. Vokali ya mwisho haitamkwi. Wakubwa wengi wa elimu hiyo walimcheka. Lakini mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff, mwanamke mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha jambo jingine. Alipanga tarehe za mawe ya mji wa Piedras Negras, akaona kwamba kila kundi la tarehe halizidi umri wa mtu mmoja. Basi hayakuwa mambo ya nyota na miungu tu, kama walivyodhani wengi. Yalikuwa maisha ya wafalme, kuzaliwa kwao na kutawazwa kwao. Tangu hapo mawe yakaanza kusomwa, na leo sehemu kubwa ya maandishi hayo inafahamika.

Padri wa pili ni Francisco Ximénez, Mdominiko. Mwanzoni mwa karne ya kumi na nane alikuwa paroko wa Chichicastenango, katika milima ya Guatemala. Waumini wake, watu wa kabila la K'iche', walimwonyesha kitabu chao chenye habari za kuumbwa kwa dunia na ukoo wa wafalme wao, kinachojulikana kwa jina la Popol Vuh. Naye pia hakukubaliana na miungu iliyotajwa humo. Lakini alichukua kalamu. Aligawa kila ukurasa safu mbili: safu moja akanakili maneno ya Kik'iche', neno kwa neno, safu ya pili akaweka tafsiri ya Kihispania. Kitabu alichonakilia kimepotea. Nakala yake ipo hata leo, na bila hiyo ile habari ya watu walioumbwa kwa mahindi isingetufikia kwa ukamilifu wake.

WENYE NYUMBA WAPO

Msafiri akirudi langoni jioni atawasikia wafanyakazi na wachuuzi wakizungumza, na huenda lugha yao si Kihispania. Watu wengi wa Petén husema Kiq'eqchi', lugha mojawapo ya Wamaya. Serikali ya Guatemala inatambua lugha 22 za ukoo huo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2018, wananchi zaidi ya 4 katika kila 10 walijiandika kuwa Wamaya. Hao ndio wajukuu wa waliojenga mahekalu. Mara kwa mara wazee wao huja Tikal kuwasha moto wa sala katika ule uwanja mkubwa.

Hawakupata urithi wao kwa urahisi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1960 mpaka 1996, watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walitoweka, na tume iliyochunguza maovu hayo ilitangaza mwaka 1999 kwamba wengi sana wa waliojulikana walikuwa Wamaya. Ajabu ya dunia: watalii wa mbali walikuja kustaajabia mawe ya mababu, na kumbe wajukuu walikuwa wakifukuzwa katika vijiji vyao. Lakini hata hayo hayakuwamaliza. Mwaka 1990 kiliundwa kwa sheria Chuo cha Lugha za Wamaya wa Guatemala. Walimu wa Kimaya wamejifunza alama za kale kutoka kwa wataalamu, na sasa wako wanaoandika majina yao kwa maandishi ambayo moto wa Maní ulitaka kuyakomesha.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wazazi na walimu, habari hii haitudai nauli ya ndege. Kila nyumba inayo mambo ambayo vijana hawayaelewi tena: jina la ukoo na maana yake, hadithi ya kuhama kwa wazee, methali, wimbo wa kulea mtoto, jina la mti na dawa yake. Huenda katika hayo yamo ambayo Mkristo hawezi kuyafuata. Ximénez naye aliyakuta, akayaandika. Tununue daftari la shule, tupige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto tuandike maneno ya bibi kama alivyoyatamka, kwa lugha yake mwenyewe. Upande wa kuume tuweke Kiswahili. Chini tutie jina lake, kijiji chake na tarehe. Kazi hiyo inaweza kuanza leo jioni, baada ya chakula, maadamu bibi yupo.